Kufanya kazi ya saa chache huku ukiomba kufutiwa mkopo wa chuo kwa ulemavu Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu mikopo ya wanafunzi ya serikali kuu ya Marekani tu. Ya HELB ya Kenya na HESLB ya Tanzania yana taratibu zake na hayamo humu. Viwango vya dola vilivyotajwa ni vya mwaka 2025. Vingi hupanda kidogo kila Januari, kwa hiyo angalia cha mwaka unaoombea.

## Mambo ya mwanzo

TPD ni nini, na inafuta mikopo ipi?

TPD ni jina la mkato la utaratibu wa kumfutia mkopaji deni lake la chuo kwa sababu ya ulemavu kamili na wa kudumu. Unahusu mikopo ya Direct, ile ya zamani ya FFEL, na ya Perkins. Unafuta pia sharti la kufundisha kwa waliopokea ruzuku ya TEACH. Inayousimamia ni Wizara ya Elimu ya Marekani, na maombi huanzia StudentAid.gov. Hakuna ada. Anayekuambia umlipe "akushughulikie" anakuuzia kitu cha bure, na akikuomba nenosiri la akaunti yako, huyo ni tapeli.

Mikopo ya benki na kampuni binafsi haimo. Huko linaloongea ni mkataba ulioutia saini; baadhi ya wakopeshaji hufuta, wengine hawafuti.

Nikifanya kazi saa chache, nimejiondoa kwenye sifa?

Si lazima. Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na watu wengi hulijibu vibaya kwa sababu wanalijibu bila kuuliza kwanza: unaomba kwa njia ipi? Njia ni tatu, na kazi ina uzito tofauti katika kila moja:

- Kwa njia ya VA, idara ya maveterani (wanajeshi wa zamani), mara nyingi kazi haina uzito wowote.
- Kwa njia ya Hifadhi ya Jamii (SSA), kazi haiathiri ombi la mkopo moja kwa moja, ila inaweza kuathiri malipo ya ulemavu ambayo ombi hilo limeyaegemea.
- Kwa njia ya daktari, kazi inagusa sentensi ile ile ambayo daktari anatakiwa kuitia saini.

Wizara yenyewe haina kiwango cha mshahara ambacho ukikivuka ombi linakataliwa.

Nilisikia watu walirudishiwa deni kwa sababu ya kipato. Si kweli?

Ilikuwa kweli. Zamani, baada ya kufutiwa, mkopaji alifuatiliwa miaka 3 na kutakiwa kutuma uthibitisho wa kipato kila mwaka. Kipato cha kazi kikizidi mstari wa umaskini wa familia ya watu wawili, deni lilirudi. Lilirudi hata kwa asiyekuwa na kipato chochote, kwa kuwa tu hakurudisha karatasi. Mwaka 2021 Wizara ilitangaza kuwafutia upya watu wapatao 41,000 walionaswa hivyo.

Kanuni mpya zilizoanza Julai 1, 2023 ziliondoa ufuatiliaji wa kipato kabisa. Maelezo mengi yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp bado ni ya kabla ya tarehe hiyo. Kilichobaki ni sharti moja tu, tazama "Nini kinaweza kurudisha deni?" hapa chini.

## Njia tatu, na kazi inavyoingia katika kila moja

Mimi ni veterani. Ninaweza kufanya kazi?

Inategemea VA imekupa hadhi ipi. Ukiwa na asilimia 100 ya ulemavu uliotokana na utumishi, kwa hesabu ya kawaida ya viwango, unaweza hata kufanya kazi ya kutwa na bado ukafutiwa mkopo. Wizara inaangalia uamuzi wa VA, haiangalii hati yako ya mshahara.

Ukilipwa kwa kiwango cha asilimia 100 kwa sababu huwezi kuajirika (TDIU), mkopo nao unafutwa, lakini kazi unayofanya lazima ibaki ndogo kwa macho ya VA: kipato kisichozidi mstari wa umaskini wa mtu mmoja, au kazi ya mazingira ya kulindwa, kama biashara ya ndugu anayekuvumilia. Ukizidi hapo, la kuhofia ni VA kupunguza malipo. Asilimia 90 bila TDIU haitoshi; hapo pita njia nyingine.

Napokea SSDI (malipo ya ulemavu kwa aliyewahi kufanya kazi na kuchangia) au SSI (malipo kwa mlemavu mwenye kipato na mali kidogo). Hiyo peke yake inatosha?

Inatosha ikiwa una mojawapo ya haya: ukaguzi wako ujao wa ulemavu umepangwa baada ya miaka 5 hadi 7, au baada ya miaka 3; ulemavu wako kwa rekodi za SSA ulianza miaka 5 au zaidi kabla ya ombi, au umepokea malipo hayo kwa miaka 5 au zaidi; ulipitishwa haraka kwa orodha ya magonjwa mazito yanayopewa huruma maalumu; au sasa uko kwenye pensheni ya uzee baada ya kuwa na mojawapo ya hayo. Kipengele cha miaka 3 na hivyo vya miaka 5 viliongezwa Julai 2023, kwa hiyo aliyekataliwa kabla ya hapo ana sababu ya kujaribu tena.

Barua ya kukubaliwa malipo mara nyingi haitaji tarehe ya ukaguzi ujao, na maombi mengi hukwama hapo. Omba SSA karatasi inayoitwa BPQY. Ni bure, na inaonyesha aina ya malipo, tarehe ya ukaguzi, na miezi ya kazi ya majaribio uliyokwisha kuitumia. Ukienda ofisini au ukipiga simu, una haki ya mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Usimtumie mtoto wako wa darasa la sita kutafsiri mambo ya "tarehe ya mwanzo wa ulemavu". Tarehe hiyo ikikosewa, kipengele cha miaka 5 kinakupotea.

Nikifanya kazi huku napokea SSDI, nitapoteza SSDI kabla mkopo haujafutwa?

Si kwa ghafla. SSDI inakupa miezi 9 ya kazi ya majaribio ndani ya kipindi cha miezi 60, na miezi hiyo si lazima ifuatane. Mwaka 2025, mwezi unahesabiwa ukipata zaidi ya $1,160 kabla ya makato. Aliyejiajiri huhesabiwa pia akizidisha saa 80 kwa mwezi. Katika miezi hiyo 9 malipo yako yanaendelea kamili hata ukipata nyingi.

Miezi hiyo ikishaisha, kipimo kinakuwa SGA, yaani kazi ya kipato cha maana: $1,620 kwa mwezi mwaka 2025, au $2,700 kwa asiyeona. Katika miezi 36 inayofuata, mwezi uliozidi kiwango unaweza kukosa malipo, na mwezi ulioshuka chini yake malipo yanarudi bila kuomba upya.

Kuna punguzo ambalo wengi hawalidai. Gharama unayolipa mfukoni kwa sababu ya ulemavu ili uweze kufanya kazi hutolewa kwenye hesabu. Tuseme unapata $1,750, na kila mwezi unalipa $180 ya gari maalumu la kukupeleka kazini kwa kuwa huwezi kupanda basi. SSA inapaswa kuhesabu $1,570, ambayo iko chini ya $1,620. Bila risiti, hesabu inabaki $1,750. Weka risiti.

Na SSI?

SSI hupungua taratibu. Kwa asiye na kipato kingine, SSA inaacha $85 za kwanza za mshahara, kisha inakata nusu ya zinazobaki. Ukipata $885: toa $85, inabaki $800, nusu yake $400. Malipo ya serikali kuu ya mtu mmoja mwaka 2025 ni $967, kwa hiyo utapokea $567 pamoja na mshahara wako wa $885. Bado uko kwenye SSI, na sifa ya kuombea mkopo ipo.

Balaa la SSI ni kutoripoti. Mshahara wa mwezi uripotiwe kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Ukikaa kimya mwaka mzima utadaiwa malipo yaliyozidi, na hutakuwa umepona deni moja kabla ya kuingia jingine.

Sipokei chochote cha SSA wala VA. Njia ya daktari ikoje?

Mtaalamu wa afya anathibitisha kwamba huwezi kufanya kazi yoyote ya kipato cha maana kwa sababu ya hali ya mwili au akili inayoweza kuthibitishwa kitabibu, na kwamba hali hiyo inatarajiwa kuleta kifo, au imedumu mfululizo miezi 60, au inatarajiwa kudumu mfululizo miezi 60. Tangu Julai 2023 si daktari pekee anayeweza kusaini: wauguzi wa ngazi ya juu wenye leseni ya kutibu, wasaidizi wa daktari wenye leseni, na wanasaikolojia walioidhinishwa kufanya kazi kwa kujitegemea nao wanaruhusiwa. Wote lazima wawe na leseni ya Marekani.

## Kazi ya saa chache na saini ya daktari

Daktari anasema: "Kama unafanya kazi, siwezi kusaini." Yuko sahihi?

Wakati mwingine ndiyo, wakati mwingine ameisoma fomu haraka. Fomu haiulizi kama umeajiriwa. Inauliza kama unaweza kufanya kazi ya kipato cha maana, na maana yake kwa Wizara ni kazi ya malipo au faida inayohitaji shughuli kubwa za mwili, za akili, au vyote viwili. Hakuna dola zilizoandikwa. Daktari hafungwi na kiwango cha SSA, ingawa $1,620 ni kipimo cha busara cha kumsaidia kufikiri.

Linganisha watu wawili. Wa kwanza anapokea simu dukani kwa binamu yake, saa 12 kwa wiki kwa $15, kama $780 kwa mwezi. Anakaa nusu saa, analala kidogo kwenye kochi la nyuma, siku za maumivu haendi na hakuna anayemfukuza. Wa pili anapanga mizigo ghalani saa 30 kwa wiki kwa $20, karibu $2,600 kwa mwezi, kwa zamu za kawaida. Wote wawili wana kazi ya saa chache. Daktari anaweza kumsainia wa kwanza kwa dhamiri safi. Wa pili ni vigumu.

Nimpelekee daktari nini?

Karatasi moja, si zaidi. Andika saa unazofanya kwa wiki, mshahara wa mwezi kabla ya makato, unachofanya hasa (kunyanyua, kusimama, kukaa, kutumia kompyuta), nafuu ulizopewa na mwajiri, siku ulizokosa miezi 3 iliyopita, na mara ulizojaribu kuongeza saa ukashindwa. Hilo la mwisho lina nguvu kuliko yote, kwa sababu linaonyesha mpaka wa uwezo wako kwa tarehe.

Usimfiche kazi. Fomu inasainiwa chini ya sheria ya adhabu kwa maelezo ya uongo, na rekodi za kliniki mara nyingi tayari zina mstari unaosema umeajiriwa. Wizara inaweza kumwandikia daktari kuomba ufafanuzi. Majibu yake yakigongana na fomu, ombi limekwisha.

Makosa gani huangusha fomu ya daktari?

- Ugonjwa ulioandikwa kwa namba ya msimbo wa kitabibu au vifupisho tu. Fomu inataka maneno anayoyaelewa msomaji asiye daktari.
- Sehemu ya mipaka ya mwili iliyoachwa wazi. "Maumivu ya mgongo ya kudumu" haitoshi. Inatakiwa "hawezi kukaa zaidi ya dakika 30, hawezi kunyanyua zaidi ya kilo 4".
- Sentensi kama "anaweza kufanya kazi nyepesi za saa chache" bila maelezo. Kwa msomaji wa Wizara hiyo inasomeka kuwa kazi inawezekana. Kama ni kweli unafanya saa chache, daktari aandike ni ngapi, kwa nafuu gani, na kwa nini hazifikii kazi ya kipato cha maana.
- Namba ya leseni iliyokosekana au iliyokwisha muda.
- Tarehe. Ombi lazima lifike ndani ya siku 90 tangu daktari asaini. Fomu iliyolala kwenye droo ya mapokezi miezi minne inaanza upya.

Omba nakala kabla haijatumwa, uisome mstari kwa mstari. Mhudumu wa mapokezi atanuna kidogo, mwache anune.

## Wakati wa kusubiri

Ninaomba vipi, na malipo yanasimama lini?

Ukishaiarifu Wizara kwamba unakusudia kuomba, ukusanyaji wa malipo kwenye mikopo yako ya serikali kuu husimamishwa siku 120 ili upate nafasi ya kukusanya karatasi. Ombi kamili likifika, ukusanyaji unabaki umesimamishwa hadi uamuzi. Usipolituma ndani ya siku 120, malipo yanaanza tena. Kwa hiyo mpigie daktari kwanza, upate miadi, ndipo uiarifu Wizara.

Kama hujiwezi kufuatilia mwenyewe, kuna fomu ya kumteua mwakilishi. Mke, mume, mtoto mtu mzima au mfanyakazi wa shirika la wakimbizi anaweza kushika nafasi hiyo.

Nimeshindwa kulipa na mshahara wangu unakatwa. Bado naweza kuomba?

Ndiyo. Kushindwa kulipa hakukuzuii. Hiyo asilimia hadi 15 ya mshahara inayokatwa ndiyo sababu ya kuarifu mapema badala ya kusubiri karatasi zikamilike.

Nisipotaka kusimamisha malipo, nifanye nini?

Omba mpango wa malipo kulingana na kipato, kama IBR. Mtu mmoja mwenye kipato cha kodi kisichozidi $23,475 kwa mwaka (mara moja na nusu ya mstari wa umaskini wa 2025) hulipa $0. SSI haihesabiwi. Mwenye kazi ya saa chache kwa kawaida huangukia hapo, na ni akiba nzuri iwapo ombi la TPD litakataliwa.

Nilichokwisha kulipa kinarudi?

Sehemu yake. Kwa VA, hurudishwa malipo yaliyofanywa tangu tarehe ambayo uamuzi wa ulemavu unaanza kuhesabiwa, na hapo watu huweza kupata hundi kubwa. Kwa SSA, tangu Wizara ilipopokea hati zako. Kwa daktari, tangu tarehe aliyosaini.

Nimepata barua inasema mkopo utafutwa na mimi sikuomba. Ni wizi?

Inaweza kuwa halali. Wizara hulinganisha orodha zake na za VA na SSA; mwaka 2021 zaidi ya watu 323,000 walifutiwa hivyo. Barua halali haikuombi pesa, na inakupa tarehe ya kujitoa ukitaka. Ingia StudentAid.gov mwenyewe uhakikishe, usibonyeze kiungo cha ujumbe wa simu.

## Baada ya kufutiwa

Nini kinaweza kurudisha deni?

Kwa waliopita njia ya SSA au daktari: kuchukua mkopo mpya wa Direct au ruzuku mpya ya TEACH ndani ya miaka 3 tangu kufutiwa. Basi. Likirudi, hutozwi riba ya kipindi ambacho deni lilikuwa limefutwa. Waliopita njia ya VA hawana miaka hiyo 3.

Ruzuku ya Pell si mkopo na hairudishi deni. Lakini ofisi ya fedha ya chuo mara nyingi hukupangia Pell na mkopo kwenye barua moja, na wewe unabonyeza "kubali" mara moja. Kataa mkopo kwa jina lake.

Nikiongeza saa za kazi mwezi baada ya kufutiwa?

Mkopo haurudi. Hata SSA ikisimamisha malipo yako kwa sababu ya kazi, mkopo haurudi. Lililobaki ni lako na SSA au VA.

Nikitaka kukopa tena baada ya miaka 3?

Utahitaji cheti cha daktari kwamba sasa unaweza kufanya kazi ya kipato cha maana, na utasaini kwamba mkopo mpya hautafutwa kwa ulemavu ule ule isipokuwa hali yako izorote sana.

Kodi je?

Serikali kuu haitozi kodi ya mapato kwa deni lililofutwa kwa ulemavu. Msamaha huo ulianza 2018, ulikuwa uishe mwisho wa 2025, na sheria ya Julai 2025 ikaufanya wa kudumu. Majimbo yana sheria zake, kwa hiyo muulize anayekujazia kodi kuhusu jimbo lako.

## Hali zisizo za kawaida

Mwanangu ndiye mlemavu, mkopo wa Parent PLUS ni wangu.

Ulemavu unaoangaliwa ni wa aliyekopa. Wa mwanafunzi haufuti PLUS ya mzazi.

Naendesha Uber. Kipato changu ni kipi?

Kwa SSA ni kile kinachobaki baada ya gharama za biashara, ingawa SSA huangalia pia saa na uzito wa kazi yenyewe. Weka daftari la maili. Kwa daktari, mweleze saa unazokaa kwenye usukani kwa mkupuo mmoja. Kumwambia "naendesha kidogo" hakumsaidii kujaza mstari wa kukaa.

Ombi limekataliwa.

Barua inataja sababu. Ndani ya miezi 12 unaweza kuomba liangaliwe upya kwa kuongeza maelezo, bila kuanza ombi jipya. Kama sababu ni fomu ya daktari, mpelekee barua yenyewe, umwonyeshe mstari uliokataliwa.

Nimerudi Dar es Salaam, Mombasa au Goma. Daktari wa huku anaweza kusaini?

Hapana, bila leseni ya Marekani saini yake haitumiki, hata awe profesa. Raia wa Marekani anaweza kuendelea kupokea SSDI akiwa nje katika nchi nyingi, na kwa hiyo njia ya SSA inabaki wazi. SSI husimama ukikaa nje siku 30 mfululizo. Kama njia iliyobaki ni ya daktari, panga miadi na ukusanye rekodi zako kabla hujakata tiketi ya kurudi nyumbani.